Milioni sita za kikoba: ninunue hisa za Tesla na BYD, au nibaki na betri zangu za mwaloni?

Mama Chaji (Kibirizi, Kigoma)

Wakuu, mwakeye. Shikamooni wakubwa.

Mimi nachajisha betri hapa mwalo wa Kibirizi. Wavuvi wa dagaa wanazichukua jioni kwa ajili ya taa, wanazirudisha alfajiri, wananilipa kwa betri kwa usiku. Wazee wetu walivua kwa karabai na mafuta ya taa. Siku hizi ziwa zima ni LED. Kwa hiyo nikisema betri ndizo zinazoendesha mambo sasa hivi, sisemi kwa kusoma tu.

Kikoba chetu kimevunjwa na fungu langu ni milioni sita na chenji. Baba watoto anataka tumalizie nyumba. Mimi nimekuwa nikifuatilia habari za magari ya umeme, nikawa najiuliza: kwa nini kila siku nisugue vichwa vya betri za watu, nisimiliki na mimi kipande cha kampuni inayozitengeneza?

Naomba msaada. Mtu wa Kigoma anaweza kununua hisa za Tesla au BYD, wale wa magari ya umeme, au ile CATL ya Wachina ya betri? Ipi ina afadhali? Halafu shemeji yangu yuko kwenye kundi la Telegram la "wamiliki wa vituo vya kuchajia magari ya umeme". Unaweka fedha, wanakupa asilimia 3 kila siku, na ameshalipwa mara kadhaa, meseji za muamala nimeziona kwa macho yangu. Ananisukuma niingie kabla ya Jumatatu.

Msinitukane. Nimeishia kidato cha nne lakini hesabu naijua.

Kinyozi wa Gungu

Dada malizia nyumba. Bati halifilisiki. Mengine utayasoma ukiwa ndani kwako mvua inanyesha.

Karani wa Tumbaku (Urambo, Tabora)

Marahaba binti yangu. Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha tumbaku huku Urambo. Hisa ninazo chache za hapa nyumbani, za benki, na hizi za betri nimezifuatilia miaka mingi kwa sababu mwanangu mkubwa aliniuliza swali kama lako.

Naanza na shemeji yako maana hilo lina haraka. Asilimia 3 kwa siku. Hesabu unaijua, basi tuipige: ukiiacha faida izae faida, milioni sita inakuwa kumi na mbili ndani ya siku 24. Mwaka ukiisha una shilingi bilioni 290. Hakuna kituo cha kuchajia, hakuna kiwanda, hakuna mgodi duniani unaolipa hivyo. Anacholipwa ni fedha za walioingia baada yake, na zile meseji za muamala alizokuonyesha ndizo chambo chenyewe. Mwambie aombe kutoa mtaji wake wote, asiridhike na faida. Wakimwambia alipe kwanza "kodi ya kutolea", asiongeze hata senti. Anayekusanya fedha za umma kwa uwekezaji nchini anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yao. Na huyo anayekuwekea mwisho wa Jumatatu anajua kwamba Jumanne utakuwa umeshauliza watu.

Sasa hisa. Wazo lako kwamba betri zinashika dunia ni sahihi. Lakini kuna watu wengi walioona sahihi kama wewe na wakapoteza fedha, na hapo ndipo nataka utulie.

Mwaka 2021 magari ya umeme yaliyouzwa duniani, ukijumlisha na yale yenye injini na plagi pamoja, yalikuwa kama milioni 6.6. Mwaka 2024 yalipita milioni 17. Aliyesema mwaka 2021 kwamba mauzo yatakaribia mara tatu alipatia kabisa. Sasa chukua mfuko mmoja wa Marekani, Global X Lithium & Battery Tech, ambao ndani yake umekusanya hisa za wachimba lithiamu (madini ya kutengenezea betri), watengeneza betri na watengeneza magari. Tangu Novemba 2021 hadi mwanzoni mwa 2025 mfuko huo ulipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Magari yaliongezeka, betri ziliongezeka, mwenye hisa akaumia.

Sababu unaijua wewe kuliko mimi. Dagaa wakifurika mwaloni, ndoo inashuka bei. Anayecheka ni sisi walaji wa Tabora, siyo mwenye mtumbwi aliyekopa kununua nyavu. Pakiti ya betri ya gari miaka ya 2010 mwanzoni ilizidi dola 1,000 kwa kila kilowati-saa moja. Kwa hesabu ya BloombergNEF, watafiti wa mambo ya nishati, mwaka 2024 ilikuwa dola 115. Lithiamu ndiyo kabisa: China, mwishoni mwa 2022, tani moja ya lithiamu kaboneti ilikaribia yuani 600,000; mwaka 2024 ikaanguka chini ya 80,000. Waliochangisha mitaji ya migodi kwa bei ile ya kwanza wakaja kuuza kwa bei hii ya pili. Kushuka huko ndiko kulikofanya magari yauzike. Faida ilikwenda kwa mnunuzi.

Na hapo bado hujahesabu zilizokufa. Northvolt, kampuni ya betri ya Uswidi, ilianzishwa na watu waliotoka Tesla, ikachangisha mabilioni ya dola, Volkswagen na benki ya Goldman Sachs wakiwamo. Wateja ilikuwa nao. Kilichoishinda ni kiwanda: seli hazikutoka kwa wingi na ubora uliotakiwa, BMW ikafuta oda ya euro bilioni 2 mwaka 2024, na Machi 2025 kampuni ikafilisika. Nikola ya Marekani yenyewe ilionyesha watu video ya lori likikimbia barabarani, kumbe lilikuwa limeachiwa kwenye mteremko. Ilifilisika Februari 2025. Fisker ya magari ya umeme nayo 2024. Kama ungechagua kampuni moja kwa kupenda jina, ungeweza kuangukia yoyote kati ya hizo.

Utaniambia mbona Tesla. Kweli, Tesla iliingia sokoni Juni 2010 kwa dola 17 kwa hisa, na kwa sababu hisa zimegawanywa mara mbili tangu hapo, moja ya siku ile leo ni 15. Utajiri. Lakini mwaka 2022 peke yake hisa hiyo ilipoteza karibu theluthi mbili ya bei yake. Ungekuwa umeweka fedha za bati, ungeuza mwezi gani? Na BYD, ambayo ilianza 1995 Shenzhen ikitengeneza betri za simu, kampuni ya Mzee Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, ilinunua kama asilimia 10 yake mwaka 2008 kwa dola milioni 230, ikaanza kuuza 2022. Miaka 14 amekaa kimya. Mwaka 2024 BYD iliuza magari zaidi ya milioni 4.2, na bado mwaka uliofuata ilikuwa inakata bei China kwa sababu kila mtu kule anakata bei. Mwenye fedha asizozihitaji kwa chakula wala malazi ndiye anayeweza kukaa kimya hivyo.

Uliuliza kama inawezekana kununua. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuna kampuni ya betri wala ya gari la umeme. Za nje zinanunuliwa kupitia dalali wa nje, na fedha yako itapita kwenye shilingi kwenda dola, na siku ya kurudi itapita tena. Kila mlango una ada. Kwa milioni mbili au tatu, ada peke yake inakula sehemu ya maana. Na kuwa macho na hizi programu za simu: nyingi hazikuuzii hisa. Zinakuuzia kitu kinaitwa CFD, yaani unabashiri bei kwa fedha za mkopo. Bei ikiteleza kidogo tu upande usiotaka, mtaji umekwisha, hata kama mwezi ujao hisa inapanda kama ulivyotabiri.

Jambo moja zaidi kwa sababu wewe ni mtu wa ziwani. Ng'ambo yenu, upande wa Kongo, kuna Kalemie. Ukiingia bara kutoka pale unakwenda Manono, penye moja ya hazina kubwa za lithiamu duniani. Kampuni ya Australia, AVZ Minerals, iliuza hisa kwa maelfu ya watu wa kawaida kwa sababu ya hazina hiyo. Ukazuka ugomvi wa leseni, serikali ya Kongo na kampuni ya China ya Zijin zikiwamo ndani yake. Mei 2022 biashara ya hisa zake ikasimamishwa, na 2024 ikaondolewa sokoni moja kwa moja. Lithiamu iko pale pale ardhini. Wenye hisa hawana pa kuziuza.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningesimama upande unaonufaika betri ikishuka bei. Upande huo ndio unaokaa tayari. Hizo betri zako za mwaloni ni za aina gani?

Mha wa Kakonko

Mzee umeongea vizuri lakini umeiruka Kabanga yenye nikeli. Sisi Kakonko tukivuka Nyakanazi tuko njiani kwenda Ngara. Nikeli ya kule ni ya betri, watu wamesema miaka na miaka. Si bora tununue cha nyumbani?

Karani wa Tumbaku

Sikuiruka, nilichoka kuandika kwa simu. Kabanga ina nikeli nzuri sana, yenye kiwango cha juu, na serikali ina asilimia 16 kwenye kampuni ya Tembo Nickel. Lakini hisa zinazouzwa hadharani ni za kampuni mama, Lifezone Metals, ziko New York tangu Julai 2023, siyo Dar. Na kufikia 2025 zilikuwa zimeshuka tu tangu ziingie. BHP, wale wakubwa wa madini wa Australia waliokuwa na asilimia 17 ndani ya Kabanga, waliuza sehemu yao 2025.

Ubaya wa nikeli ni mbili. Indonesia imefungua mitambo mingi mpaka sasa inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia, na bei ikaanguka. Pili, hizo betri za BYD, na nyingi za CATL, ni za chuma na fosfeti: LFP. Ndani yake hamna nikeli, hamna kobalti. Mchina aliangalia kipi ni ghali akakitoa. Sasa CATL wanaleta na za sodiamu, hata lithiamu hamna. Mwenye hisa za mgodi anakesha akiomba mainjinia wasigundue kitu.

Mgodi ukianza kweli, mtu wa Kakonko atapata fedha kwa kuuza mchele, kukodisha vyumba na kubeba mizigo. Kukaa jirani na nikeli hakukufanyi uwe mwenye nikeli.

Mama Chaji

Mzee Karani asante sana, nimesoma mara mbili na baba watoto naye amesoma, amefurahi kupita kiasi.

Shemeji ameomba kutoa. Wamemjibu akaunti yake "inahakikiwa" na wakamtoa kwenye kundi la zamani wakamweka kwenye jipya. Ameanza kunyamaza.

Betri zangu ni za maji, zile N70 na chache za 100. Wavuvi wanazikamua mpaka taa inakuwa nyekundu, hata uwaambieje. Msimu mmoja betri inakuwa imekufa. Na ziwa likifungwa katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ndipo nakula akiba.

Ila nina swali la kukubana kidogo mzee. Kama betri zinashuka bei kila mwaka, mimi nikinunua za lithiamu leo, mwakani jirani yangu si atanunua kwa bei ya chini anishinde? Hapo na mimi si nimekuwa kama huyo mwenye mtumbwi?

Karani wa Tumbaku

Umenibana sawasawa. Ndiyo, jirani atanunua kwa bei ya chini. Ndiyo maana usinunue zote sasa, na usinunue betri ambayo haijilipi haraka. Nipe namba: betri moja ya lithiamu ya 100 huko inauzwaje, na wavuvi wanakulipa ngapi?

Mama Chaji

Laki nane na nusu mjini. Ya maji ya 100 ni laki tatu na ishirini. Usiku mmoja elfu nne. Mbalamwezi hawatoki, kwa hiyo kama siku ishirini kwa mwezi.

Karani wa Tumbaku

Toa umeme, weka shilingi 500 kwa kila kuchaji, unabaki na 3,500. Kwa mwezi elfu sabini. Laki nane na nusu inarudi baada ya miezi kama kumi na miwili ya ziwa kuwa wazi. Miezi ya wazi kwa mwaka ni tisa, kwa hiyo ni msimu mmoja na theluthi. Jirani akija na bei ya chini mwaka wa pili, betri yako itakuwa imebakiza kidogo kujilipa, wewe ndiye utakayekuwa na uwezo wa kushusha bei.

Na za maji? Laki tatu na ishirini kila msimu, kwa misimu mitano ni milioni moja na laki sita. Hilo ndilo shimo lako kwa betri moja, na wala hujaliita hasara kwa sababu linaingia kidogo kidogo.

Nunua nne. Hiyo ni milioni tatu na laki nne. Laki chache ziende kwenye chaja. Inayobaki usiifunge: mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ile taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unaweza kuweka na kutoa, ukusaidie ziwa likifungwa. Bati la baba watoto mpangie kutokana na mapato ya betri, mwezi kwa mwezi, ajue na yeye ana fungu. Na kama bado roho inakuwasha kumiliki BYD, tenga laki mbili tatu ambazo hata zikipotea hutaniandikia kwa hasira, na ununue mfuko wenye kampuni nyingi kuliko kampuni moja.

Boda Ujiji

Mkuu Karani heshima yako. Mama Chaji, mimi naongezea upande wa pikipiki. Kigali kuna Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme: dereva hachaji pikipiki, anafika kituoni anabadilisha betri anaondoka. Betri ni ya kampuni, na mwaka 2024 walikubaliana na BYD wawe wanawapa betri. Inawezekana kwa sababu vituo viko kila kona. Hapa ukinunua pikipiki ya umeme peke yako, ukitoka Ujiji ukapandisha Mwanga na mshikaki nyuma, saa nane mchana uko nyumbani umechomeka huku wenzako wanakula vichwa. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia wazo la pikipiki moja ya umeme, muulize kituo kiko wapi.

Lakini wewe una eneo, una waya, una uzoefu wa kuwafuatilia watu wanaorudisha betri wakiwa wamezikamua. Kampuni za kubadilisha betri zikifika Kigoma zitatafuta mtu wa namna yako. Hapo usinunue chochote, wao ndio walete betri, wewe ulipwe pango na kamisheni.

Kinyozi wa Gungu

Mimi nilisema bati. Naona bati limeingia kwenye mpango, nimeridhika.

Fundi Sola (Kasulu)

Nimechelewa ila mnakwenda kununua kitu bila kukikagua. Mama Chaji, hizo za laki nane na nusu nyingine ndani ni seli za mitumba zilizotolewa kwenye mabasi ya umeme, zimefungwa kasha jipya. Jina la nje halina maana yoyote.

Kwanza pima uzito. LFP halisi ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inakuwa kama kilo 11 hadi 13. Ya maji ya ukubwa huo inakaribia 30, vijana wako wa kubeba watakushukuru. Ukikuta "lithiamu" ya kilo 6, weka chini uondoke.

Pili, muombe muuzaji akuruhusu kuijaribu usiku mmoja kabla ya kulipa yote. Ijaze mpaka ikatae. Kisha uiwashie mzigo wa wati 100, taa zako zenyewe zinatosha. Betri nzima ina karibu wati-saa 1,280, kwa hiyo inapaswa kuwaka kwa muda wa saa kumi na mbili mfululizo. Ikizima saa ya sita au ya saba, umeuziwa nusu betri.

Tatu, chaja yako ya betri za maji usiiguse kwenye hizi, hasa kama ina ile hatua ya kupandisha volti ili kusafisha betri. Nunua chaja ya LFP inayoishia volti 14.4 hadi 14.6. Ndani ya betri kuna saketi ya ulinzi, BMS, inayokata mvuvi akikamua kupita kiasi. Hiyo ndiyo itakayomaliza ugomvi wako nao, taa ikizima imezima, hakuna kukamua zaidi.

Mama Chaji

Fundi, BMS ikikata wakiwa katikati ya ziwa usiku si watanirudishia kelele?

Fundi Sola (Kasulu)

Watakurudishia. Wape na kipima-volti kidogo cha kubandika, bei yake haifiki elfu kumi. Ila LFP inadanganya: volti inakaa pale pale 13 karibu usiku kucha halafu inaporomoka ghafla. Waambie wakiona 12.5 waanze kuvuta nyavu, wasisubiri 12. Na taa ya kurudia nyumbani iwe na betri yake ndogo pembeni, isitegemee hii kubwa.